Presha Iliyoshuka Mara Tatu: Kisa cha Maji ya Mshipani Katika Upasuaji wa Kifua, Tanga

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 34, mfanyakazi wa korona, mtambo wa kuchakata mkonge, katika shamba la mkonge upande wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Kisa chenyewe nimekiunda kutokana na hali zinazojirudia kwenye upasuaji wa kifua, ili kisimtambulishe mtu yeyote. Hospitali nayo haitajwi. Nimekichagua kwa sababu presha ilishuka mara tatu mgonjwa akiwa mezani, kila mara kwa sababu yake, na mara moja tu kati ya hizo tatu ndipo alipohitaji kuongezewa maji na damu.

Alikuwa ametumia dawa za kifua kikuu kwa miezi 5. Homa ilikata, hamu ya kula ikarudi, lakini pumzi ilibaki fupi. Kutoka kitandani hadi chooni kulimtosha akatafuta pa kukaa. Picha za kifua zilionyesha usaha ulioganda upande wa kulia na gamba nene lililolifunga pafu lisitanuke. Mrija wa kifua ulitoa usaha kwa muda, kisha ukakauka na pafu likabaki limesinyaa vilevile. Ikapangwa kifua kifunguliwe, usaha usafishwe, na gamba libanduliwe.

Uzito ulikuwa kilo 50, urefu sentimita 168. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, gramu 10.8 kwa desilita, kreatinini, kipimo cha figo, maikromoli 71 kwa lita, albumini gramu 26 kwa lita. Hiyo albumini ndiyo namba ningependa msomaji aikumbuke. Ni protini inayosaidia kuyashikilia maji ndani ya mishipa, na kwa mtu mwenye afya huwa juu ya 35.

Upasuaji wa namna hii una tabu mbili zinazovutana. Gamba likibanduliwa, uso mzima wa pafu na wa ukuta wa kifua hubaki mbichi na huvuja damu kidogo kidogo kila mahali, kwa hiyo mgonjwa anaweza kupoteza damu nyingi bila kuonekana mshipa wowote unaoruka. Papo hapo, pafu lililokaa miezi limesinyaa likifunguliwa linaweza kujaa maji lenyewe. Anayehofia tabu ya kwanza humwaga maji, na anayehofia ya pili hubana. Mtu wa usingizi anatakiwa azihofie zote mbili kwa pamoja, dakika kwa dakika.

Kwa nini pafu

Mwaka 1896 Ernest Starling, mwanafiziolojia wa Uingereza, alieleza nguvu zinazoshindana kwenye kuta za vishipa vidogo vya damu: shinikizo linalosukuma maji nje, na protini zinazoyavuta yabaki ndani. Maelezo yake yamerekebishwa tangu hapo, lakini ubishi wenyewe upo katika kila kitanda. Kwenye pafu maji huvuja kidogo wakati wote, hata mimi na wewe tukiwa tumekaa, na mishipa ya limfu huyakusanya na kuyarudisha. Ni kama mitaro ya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, wakati wa masika: mvua ya kawaida inapita bila mtu kujali, lakini mtaro ukiziba, au mvua ikinyesha wakati maji kupwa hayajafika na bahari imejaa, barabara inageuka bwawa.

Mgonjwa wetu alikuwa na kasoro kila upande. Albumini ndogo, kwa hiyo kinachoyashikilia maji ndani kilikuwa dhaifu. Limfu za upande wa kulia zilikuwa zimeharibiwa na ugonjwa na zingeharibiwa zaidi na kisu. Halafu kuna lile pafu la kushoto, ambalo ndilo zima. Mgonjwa akilazwa ubavu wa kushoto na kupumulia pafu hilo peke yake, sehemu kubwa ya damu inayopita kwenye mapafu hupita humo, na uzito wa maji nao huelekea chini, humo humo. Pafu linalomweka hai ndilo linalozamishwa.

Hatari hii haijagunduliwa jana. Mwaka 1984 daktari Zeldin na wenzake waliandika juu ya wagonjwa walioondolewa pafu zima kisha wakazama kwa maji kwenye pafu lililobaki, na miongoni mwa mambo waliyoyanyooshea kidole ni upasuaji wa upande wa kulia na maji mengi ya mshipani. Kubandua gamba si kuondoa pafu, na hatari haiko sawasawa, lakini njia ya kuzama ni ileile.

Lita moja ya usiku

Mgonjwa aliletwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi akiwa ameshamaliza lita 1 ya maji ya chumvi tangu usiku. Faili lilisema: hajala, hajanywa, asikauke. Muuguzi alipomwekea mpira wa mkojo ulitoka mkojo wa mililita 450 papo hapo, mweupe. Mtu aliyekauka hatoi mkojo wa namna hiyo. Lita 1 ya maji hayo ina gramu 9 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kwenye chakula. Angeruhusiwa kunywa maji meupe hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi, kama taratibu za sasa zinavyoruhusu, lita ile isingehitajika. Mimi naliona hili kuwa kosa dogo linalofanyika kila siku kwa nia njema, na linapaswa kukoma.

Hesabu ya zamani, ambayo bado inapatikana kwenye madaftari ya wanafunzi, ingeendelea hivi. Mtu wa kilo 50 anahitaji mililita 90 kwa saa: 40 kwa kilo 10 za kwanza, 20 kwa kilo 10 zinazofuata, 30 kwa kilo 30 zilizobaki. Amekaa saa 10 bila kunywa, basi anadai 900. Upasuaji wa saa 4 unaongeza 360. Kisha kuna iliyoitwa nafasi ya tatu, maji yaliyodhaniwa kupotelea kwenye nyama zilizokatwa, mililita 6 kwa kilo kwa saa: 1,200. Tumefika 2,460 na tone la damu halijamwagika. Damu nayo, kila mililita 1 ilipwe kwa 3 za maji. Alikuja kupoteza 1,100, basi 3,300 nyingine. Jumla ni lita 5 na robo tatu, kwa mtu ambaye damu yake yote, kwa makadirio ya mililita 70 kwa kilo, ni lita 3 na nusu.

Sehemu kubwa ya hesabu hiyo imepoteza msingi. Usiku mmoja bila kunywa hauyumbishi sana ujazo wa damu wa mtu mwenye moyo na figo nzima, na ile nafasi ya tatu, ilipotafutwa kwa vipimo makini zaidi, haikupatikana. Kwa kifua, mwongozo unaofuatwa na wengi ni mililita 1 hadi 2 kwa kilo kwa saa wakati wa upasuaji, damu ilipwe inapomwagika kweli, na ziada ya saa 24 za kwanza, yaani yaliyoingia ukitoa yaliyotoka, isizidi mililita 20 kwa kilo. Kwa huyu ni mililita 50 hadi 100 kwa saa, na ziada isiyozidi lita 1. Dripu ya Ringa, maji ya mshipani yenye chumvichumvi, ilifunguliwa kwa mililita 75 kwa saa.

Mara ya kwanza

Dakika chache baada ya mgonjwa kulala, presha ilitoka 118/70 hadi 82/45. Mapigo 78. Hakuna kilichokatwa bado.

Hapa ndipo mkono wa mazoea huenda kwenye koki ya dripu. Lakini jiulize, maji yamekwenda wapi? Dakika tano zilizopita mtu huyu alikuwa na presha nzuri na kibofu kilichojaa. Kilichobadilika ni dawa za usingizi: propofoli na gesi ya isoflureni zimelegeza mishipa, na chombo kimekuwa kikubwa kuliko kilichomo. Ukikijaza kwa lita 1, dawa zikiisha nguvu mishipa itajibana tena na maji yale yatatafuta pa kwenda. Alipewa efedrini, dawa ya kupandisha presha, miligramu 6, kisha 6 nyingine, gesi ikapunguzwa kidogo. Presha ikapanda hadi 108/64 na ikakaa. Mahali ambapo efedrini imekwisha, adrenalini iliyochanganywa hadi mikrogramu 10 kwa mililita hufanya kazi hiyo kwa dozi ndogondogo, mradi bomba liandikwe vizuri na lisichanganywe na jingine.

Akageuzwa ubavu. Mrija wa hewa wa njia mbili, unaotenganisha mapafu mawili, ulikaa vizuri na pafu la kulia likafungwa. Kwa urefu wake, uzito wa kukadiria pafu ni kilo 64, hivyo pumzi za pafu moja zikawekwa mililita 320, yaani 5 kwa kilo, na shinikizo dogo la kulizuia pafu lisijifunge. Nalitaja hili kwa sababu maji na pumzi kubwa hushirikiana kuliumiza pafu. Kubana kimoja na kuachia kingine ni kazi nusu.

Mara ya pili

Baada ya saa moja na nusu presha ilianguka ghafla hadi 68/40, na kipimo cha hewa ya kaboni inayotoka kikashuka nacho, kutoka 36 hadi 22. Mashine ikalia. Damu kwenye chupa ya kufyonzea ilikuwa chini ya mililita 300.

Kuanguka kwa ghafla namna hii, pamoja na kaboni, maana yake damu haifiki kwenye moyo au haitoki. Kabla ya kugusa dripu, anayetoa usingizi alinyanyuka akachungulia juu ya shuka. Daktari wa upasuaji alikuwa anabandua gamba karibu na katikati ya kifua, mkono wake umeegemea moyo na mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka juu, ambao upande wa kulia uko wazi kabisa.

“Dokta, naomba ulegeze mkono.”

Mkono ukalegezwa. Ndani ya sekunde ishirini hivi presha ilikuwa 100 na kaboni imerudi. Baada ya hapo wakakubaliana kwamba kila atakapofika sehemu ile atasema kwanza. Kipimo kikubwa cha tukio hili kilikuwa macho ya mtu aliyesimama. Ukikaa umeinamia skrini unaona namba tu, na namba ile peke yake ingemletea mgonjwa nusu lita asiyoihitaji.

Mara ya tatu

Ya tatu haikuja kwa kishindo. Mapigo yalipanda kutoka 88 hadi 104, hadi 116, hadi 124. Presha ikawa 92/70: ya juu imeshuka, ya chini imebaki, pengo limekuwa jembamba. Vidole vikapoa. Daktari wa upasuaji, kwa haki kabisa, alisema haoni mshipa unaoruka.

Jibu lilitoka kwa muuguzi wa mzunguko na mizani yake. Alikuwa amepima kitambaa kikubwa cha gozi kikiwa kikavu, gramu 20. Kila kilicholowa alikiweka juu ya mizani: 130, 118, 140. Ukitoa 20, kila gramu ni kama mililita 1 ya damu. Kwenye chupa ya kufyonzea alitoa maji ya kuoshea kifua aliyokuwa ameyaandika pembeni. Jumla ilifika mililita 850, ilhali kwa macho watu walikuwa wanakadiria 500.

Kabla ya upasuaji ilishapigwa hesabu kwamba himoglobini ingefika 8 baada ya kupoteza damu ya mililita 900 hivi. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Chupa mbili za damu nzima, zilizokwishapimwa na kulinganishwa, zilitolewa kwenye kipoza na kupashwa joto. Wakati zinaletwa alipewa Ringa mililita 250, akaangaliwa, akapewa 250 nyingine, pamoja na asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 taratibu kwa dakika 10. Damu ilipoingia mapigo yakarudi 96.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu somo la kubana maji limewahi kufundishwa vibaya. Mgonjwa anayevuja damu akinyimwa ujazo, figo ndizo zinazolipa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2018, wa wagonjwa wapatao 3,000 wa upasuaji wa tumbo, ulionyesha kwamba waliobanwa maji sana walipata madhara ya figo kwa asilimia 8.6, dhidi ya 5.0 kwa waliopewa zaidi. Tumbo si kifua, lakini figo ni zilezile. Mililita 500 za mara ya tatu zilikuwa sahihi kama vile sifuri ya mara ya pili ilivyokuwa sahihi. Na kwa maoni yangu damu ilipaswa kuagizwa mapigo yalipofika 110. Kusubiri 124 kulikuwa kuchelewa kidogo.

Gamba lilipomalizika, pafu la kulia lilifunguliwa polepole, kwa shinikizo la kupanda kidogo kidogo, watu wakilitazama linavyogeuka rangi. Daktari wa upasuaji alichoma ganzi ya mishipa ya fahamu kati ya mbavu kabla ya kufunga, mirija miwili ikaachwa, mgonjwa akaamshwa na kutolewa mrija wa hewa mezani. Mizani ya maji chumba cha upasuaji (thieta): yaliyoingia 1,800, yaani Ringa 800, damu 900 na maji ya dawa 100, yaliyotoka 1,260, yaani damu 1,100 na mkojo 160. Ziada 540.

Usiku wodini

Kwa uzoefu wangu hatari kubwa huanzia hapa, watu wa thieta wakishakwenda nyumbani. Kufika saa nne usiku mkojo ulikuwa mililita 20 kwa saa, kwa saa tatu mfululizo. Daktari wa mafunzo alipiga simu.

“Dokta, shikamoo. Mkojo umeshuka, nimfungulie lita moja ya chumvi?”

“Marahaba. Kwanza niambie miguu yake. Ya moto au ya baridi?”

Ilikuwa ya moto. Ukucha ukibonyezwa ulirudisha rangi chini ya sekunde 3. Presha 104/62, mapigo 90, anaongea, anajua yuko wapi. Mirija ya kifua ilikuwa imetoa mililita 30 kwa saa hiyo, na rangi inazidi kupauka. Miguu ilipoinuliwa kwa dakika moja presha haikubadilika kitu, dalili kwamba kuongeza ujazo kusingemsaidia sana.

Baada ya upasuaji mkubwa mwili huachia homoni inayoziamuru figo zishike maji. Mkojo mdogo siku ya kwanza, kwa mtu ambaye kila kiungo kingine kinapata damu yake, mara nyingi ni homoni hiyo inafanya kazi. Ukimpa lita 1 ya chumvi, baada ya saa moja hivi robo tu ndiyo itakuwa bado ndani ya mishipa. Nyingine imeshavuja kwenye nyama na, kwa huyu mwenye albumini ya 26, kwenye pafu. Maagizo yakawa: hakuna dripu ya haraka, pima tena kila saa, nipigie mapigo yakipita 110, miguu ikipoa, au mirija ikitoa zaidi ya mililita 150 kwa saa.

Kusema hivyo kwa simu ni rahisi kuliko kusimama pale. Mama wa mgonjwa, aliyekuwa amekaa nje tangu alfajiri na kanga yake begani, aliingia akakuta chuma cha dripu kitupu.

“Sista, mwanangu mbona hamjamtundikia maji? Tangu jana hajala.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Damu iliyomtoka tumemrudishia. Maji ya mshipani kwa sasa yatamwendea kwenye pafu. Wewe mpe ya kunywa, funda moja moja, mimi niko hapa namwangalia.”

Namheshimu sana muuguzi huyu. Kwetu dripu inaonekana ndiyo tiba yenyewe. Mgonjwa asiyetundikiwa huonekana ametelekezwa, na ndugu husema hivyo kwa sauti. Alimpa mama kazi ya mikono, na mgonjwa akanywa mililita 700 kabla ya asubuhi.

Na anayedhani kubana maji ni fikra ya kutoka mbali, ajue kwamba ushahidi mmoja mzito ulipatikana hapa hapa mkoani. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti wa FEAST, uliofanyika pia Kenya na Uganda na kutolewa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kuwa hafifu waligawanywa: waliopewa maji ya haraka walikufa asilimia 10.5 au 10.6 ndani ya saa 48, ambao hawakupewa asilimia 7.3. Hao walikuwa watoto wenye homa, hawakuwa wa upasuaji, na namba zao hazihamishwi moja kwa moja kwa mtu mzima aliyefunguliwa kifua. Ila utafiti ule uliondoa dhana kwamba dripu ya haraka, hata ikikosea, haidhuru.

Maji yasiyoandikwa

Asubuhi, chati ilipokaguliwa, lilionekana jambo ambalo nafikiri hupuuzwa kila mahali. Sehemu ya dripu ilisomeka Ringa mililita 240 tu, saa sita kwa 40. Lakini alikuwa amepangiwa parasetamoli ya mshipani mara 4 kwa siku, karibu mililita 100 kila mara, na metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, ya mililita 100 mara 3. Hiyo ni 700 kwa siku kwa mtu ambaye ziada yake yote isizidi 1,000, na hakuna mtu aliyeihesabu kuwa maji, kwa sababu iliandikwa upande wa dawa. Kufikia asubuhi 300 zilishaingia. Kwa kuwa alikuwa anameza vizuri, parasetamoli ikahamishiwa vidonge, na metronidazoli pia.

Mizani ya saa 24 ilifungwa hivi: ziada ya thieta 540, wodini yaliingia 1,240 na yakatoka 990, mkojo 640 na mirija 350, ziada 250. Jumla 790, bila kuhesabu jasho na pumzi. Lita ya usiku wa kabla haimo. Ingehesabiwa yote, hata ukiondoa ule mkojo wa 450, mpaka ungevukwa.

Siku ya pili daktari aliyemsikiliza kifua alisikia mlio wa maji chini ya pafu la kulia, lile lililofunguliwa, na oksijeni ilikuwa asilimia 93 kwa lita 2. Pafu la kushoto lilikuwa safi. Alipewa furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, miligramu 20 mara moja, akakalishwa kwenye kiti, akatembezwa na mirija yake. Kreatinini ilipanda kutoka 71 hadi 88, chini ya kiwango cha kuitwa jeraha la figo, na siku ya nne ilikuwa 74. Mrija wa mwisho ulitolewa siku ya saba, picha ikionyesha pafu limefika ukutani isipokuwa pembe ndogo ya chini, na akarudishwa kliniki ya kifua kikuu kuendelea na dawa zake.